Udzima wa Visiwa: Historia, Serikali, Watu na Uchumi wa Nchi ya Komoro

Utangulizi

Kila mwaka, msimu wa Maulidi unapowadia, mji wa Lamu hufurika wageni kutoka pande nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Kitovu cha sherehe hizo ni Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh Jamalilail, mwanachuoni aliyezaliwa katika visiwa vya Komoro na kuhamia Lamu katika karne ya 19. Kule Unguja nako, kadhi mashuhuri Sayyid Ahmad bin Sumait (1861–1925) alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Ngazija. Ukoo wenye asili ya Kingazija hauwi mgeni Mombasa, Zanzibar wala Dar es Salaam. Hata hivyo, nchi yenyewe walikotoka wazee hao haijulikani vyema kwa wengi wanaoisoma na kuifundisha lugha ya Kiswahili, ilhali lugha ya nchi hiyo ni ndugu wa damu wa Kiswahili.

Makala haya yanadhamiria kuitalii nchi ya Komoro kwa kuangazia mazingira, watu, historia, mfumo wa serikali na uchumi wake. Katika kufanya hivyo, yanaongozwa na swali moja ambalo limeisumbua nchi hiyo tangu ilipopata uhuru mwaka 1975: je, visiwa vilivyotenganishwa na bahari, kila kimoja na wafalme wake wa zamani, vinawezaje kuwa dola moja bila kimoja kukimeza kingine? Swali hilo ndilo lililozaa mapinduzi, utengano, mikataba na katiba zake. Aidha, ni swali linalozihusu nchi kubwa pia, kwani hakuna taifa lisilokuwa na maeneo yanayohisi kuwa keki ya taifa hukatwa mbali nayo.

Mahali na Mazingira

Komoro ni funguvisiwa lililo katika mlango wa kaskazini wa Mlango-Bahari wa Msumbiji, kati ya bara la Afrika na kisiwa cha Bukini. Visiwa vikuu ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Wafaransa huviita Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte. Jina la Komoro linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Visiwa vitatu vya mwanzo ndivyo vinavyounda dola iitwayo Muungano wa Komoro, ambayo ukubwa wake wote haufiki kilomita za mraba 1,900. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 katika visiwa hivyo vitatu. Maore ingali chini ya Ufaransa, nayo Komoro haijaacha kuidai.

Visiwa vyote vinne vilizaliwa na volkano, lakini umri na maumbile yake si sawa. Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote, kina mlima Karthala wenye kimo cha mita 2,361 ambao hadi leo haujalala. Mnamo Aprili 1977 ulitapika moto ulioteketeza sehemu kubwa ya kijiji cha Singani, na mwaka 2005 ulilipuka mara mbili na kutapanya majivu yaliyochafua maji ya maelfu ya watu. Madhara hayo yalikuwa makubwa kwa sababu Ngazija haina mito ya kudumu. Mvua inyeshapo, maji huzama mara moja ndani ya miamba ya volkano, hivyo wakazi wengi hutegemea birika za kukingia maji ya mvua. Nzwani, kinyume chake, ni kisiwa cha milima mikali na mabonde yaliyokuwa na mito mingi. Mwali ndicho kidogo zaidi, na kinasifika kwa kasa wanaopanda pwani zake kutaga mayai.

Tofauti hizi za kimaumbile si jambo la kupuuzwa. Kisiwa chenye maji, kisiwa chenye bandari na kisiwa chenye makao makuu ya serikali havina mahitaji sawa. Serikali yoyote inayoketi Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija, hulazimika kuyapima mahitaji ya watu wasioweza kuifikia ila kwa chombo cha majini au ndege.

Watu, Lugha na Mila

Wakomoro ni zao la makutano ya kale. Wahamiaji wa Kibantu kutoka bara la Afrika walikutana huko na mabaharia wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki waliofika pia Bukini. Baadaye walijiunga nao Waarabu kutoka Hadhramaut na kwingineko, pamoja na koo zinazojinasibisha na Shirazi kama ilivyo katika miji mingi ya Waswahili. Takribani wakazi wote ni Waislamu wa Kisunni wafuatao madhehebu ya Shafi.

Lugha ya taifa ni Shikomori, yenye lahaja nne kulingana na visiwa: Shingazija, Shinzwani, Shimwali na Shimaore. Wanaisimu huiainisha katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana. Kwa hivyo, mwanafunzi aliyezoea Kiswahili hatapotea anaposikia maji yakiitwa madji. Hata hivyo, ni kosa kudai kuwa Shikomori ni lahaja ya Kiswahili, kwa kuwa ina sarufi na fonolojia yake, na mzungumzaji wa Kiswahili sanifu hawezi kuyafuata mazungumzo yake bila kujifunza. Hata lahaja zenyewe zina umbali kati yake, hususan Shingazija ya magharibi na Shinzwani ya mashariki.

Kiswahili kwa upande wake kilikuwa na nafasi ya pekee visiwani humo. Kabla ya ukoloni kutia mizizi, masultani wa Komoro waliandikiana na kuwaandikia wageni kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Said Bakari bin Sultan Ahmed aliandika kwa Kiswahili historia ya Ngazija ambayo baadaye ilihaririwa na Lyndon Harries na kuchapishwa mwaka 1977. Kifaransa kilipoingia ofisini, Kiswahili kiliondoka katika maandishi rasmi. Leo lugha rasmi za nchi ni tatu: Shikomori, Kifaransa na Kiarabu.

Katika mila, Ngazija ina taasisi mbili zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni urithi wa upande wa mama. Ardhi iitwayo manyahuli hurithiwa kupitia wanawake, na aghalabu nyumba ya ndoa huwa mali ya mke, mume akihamia kwake. Jamii hii ya Kiislamu imeweza kwa karne nyingi kuzishika sheria za dini pamoja na desturi inayomhakikishia mwanamke paa na ardhi.

Taasisi ya pili ni anda, yaani harusi kuu. Mwanamume anaweza kuoa harusi ndogo akiwa kijana, lakini hahesabiwi kuwa mtu kamili katika baraza la mji mpaka atimize harusi kuu kwa kuchinja ng'ombe, kutoa dhahabu na kuulisha mji kwa siku nyingi. Anayeitimiza huingia katika safu ya wandruwadzima. Neno hili halihitaji mkalimani, kwani ni watu wazima, ingawa uzima wake si wa umri bali wa hadhi. Ambaye hajatimiza hubaki mtoto wa mji hata akiwa na mvi au shahada za chuo kikuu. Wapo wanaoilaumu anda kwa kumeza akiba ya miaka mingi ambayo ingejenga viwanda. Wapo pia wanaoitetea kwa hoja kwamba ndiyo inayowarudisha nyumbani waliotawanyika ughaibuni, na kwamba sehemu ya michango yake hujenga misikiti, barabara na shule za miji.

Mzizi huo huo wa neno -dzima, sawa na -zima ya Kiswahili, ndio uliomo katika neno udzima, lenye maana ya umoja au ukamilifu. Jina la dola kwa Shikomori ni Udzima wa Komori, nao wimbo wa taifa huitwa Udzima wa ya Masiwa, yaani umoja wa visiwa. Kama vile mtu asivyokuwa mzima mpaka atimize wajibu kwa mji, ndivyo nchi inavyojiona kuwa si nzima mpaka visiwa vyake vikae pamoja.

Historia Hadi Ukoloni

Umoja huo haukuwapo zamani. Ngazija pekee ilikuwa na masultani kadhaa waliopigania cheo cha Ntibe, yaani mkuu wa wote. Nzwani ilikuwa na usultani wenye nguvu katika miji ya Domoni na Mutsamudu, na katika karne ya 17 na ya 18 bandari yake ilikuwa kituo cha merikebu za Waingereza zielekeazo Bara Hindi, zikipata hapo maji, matunda na nyama. Ilipokaribia mwisho wa karne ya 18, majahazi ya wavamizi kutoka Bukini yalianza kuvishambulia visiwa na kuteka watu. Misukosuko hiyo ilidhoofisha tawala za visiwani na kufungua mlango kwa wageni.

Wahenga walisema kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwaka 1841, Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava aliyekimbia Bukini na kuitwaa Maore, aliikabidhi Maore kwa Ufaransa ili apate ulinzi na malipo. Kwa mkataba huo Maore ilitangulia wenziwe katika ukoloni kwa miaka 45. Kule Ngazija, Sultani Said Ali alitafuta msaada wa Wafaransa dhidi ya wapinzani wake. Alimpa Mfaransa Léon Humblot haki juu ya ardhi mwaka 1885, na mwaka uliofuata akakubali ulinzi wa Ufaransa. Nzwani na Mwali navyo viliingizwa chini ya ulinzi huo mwaka 1886. Humblot akajitwalia sehemu kubwa ya ardhi ya Ngazija kwa mashamba yake, naye Said Ali akaishia kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1893. Nzwani ilishuhudia mwaka 1891 uasi wa watumwa na wakulima maskini.

Mwaka 1912 visiwa vyote vilitangazwa rasmi kuwa koloni la Ufaransa, na mwaka 1914 vikawekwa chini ya utawala wa Bukini. Vikawa koloni la koloni, ambalo shule, barabara na hospitali zake zilikuwa za kusubiri masalio. Ni mwaka 1946 tu ndipo visiwa vilipotenganishwa na Bukini na kupewa utawala wake.

Uhuru na Jeraha la Maore

Makao makuu ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, kisiwani Maore. Uamuzi wa kuyahamishia Moroni ulipitishwa mwaka 1958, na uhamisho ukatekelezwa katika miaka ya 1960. Kwa watu wa Maore, kuhama kwa ofisi kulimaanisha kuhama kwa kazi, biashara na heshima. Wanawake walikuwa mstari wa mbele kulalamika. Wakiongozwa na Zena M'Déré, waliwazingira maafisa waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka wakalazimika kuondoka, ndipo wakapata jina la Watekenyaji. Silaha hiyo ilikuwa ya kuchekesha, ila dai lake halikuwa mzaha. Walitaka Maore ibaki na Ufaransa kuliko kutawaliwa na Moroni.

Wakati huo huo, Wakomoro waishio Tanganyika waliunda mjini Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chama cha ukombozi kilichojulikana kama MOLINACO, ambacho kiliipeleka kesi ya visiwa katika majukwaa ya Afrika.

Kura ya maoni ilipigwa tarehe 22 Desemba 1974. Kwa jumla ya visiwa vyote, takribani asilimia 95 walichagua uhuru, lakini Maore peke yake karibu theluthi mbili walikataa. Bunge la Ufaransa likaamua kwamba katiba ya dola mpya sharti ikubaliwe na kila kisiwa kivyake. Kwa kuona kuwa sharti hilo lingeigawa nchi kabla haijazaliwa, Ahmed Abdallah na wabunge wenzake walitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 bila ridhaa ya Paris. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro tarehe 12 Novemba 1975 ukiitambua kuwa nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ikaandaa kura yake Maore mnamo Februari 1976, ambapo takribani wapigakura wote walichagua kubaki, na ikatumia kura ya turufu kuzuia azimio la kuipinga katika Baraza la Usalama. Hadi leo bendera ya Komoro ina nyota nne na milia minne, ingawa dola inatawala visiwa vitatu.

Hapa pana hoja mbili zinazogongana. Komoro inashikilia kanuni ya Afrika kwamba koloni hupata uhuru likiwa zima, na mipaka yake haikatwi na mkoloni anapoondoka. Ufaransa na wengi wa Maore wanashikilia kwamba watu wa kisiwa wana haki ya kujiamulia. Mwanafunzi wa siasa atanufaika akizipima hoja zote mbili, huku akijiuliza kama Moroni ingeyasikiliza mapema malalamiko ya Maore, je, mkoloni angepata ufa wa kupenyeza mkono?

Miaka ya Mamluki

Dola changa haikumaliza mwezi. Tarehe 3 Agosti 1975 Abdallah alipinduliwa. Aliyeibuka na nguvu ni Ali Soilih, aliyekuwa rais tangu Januari 1976. Soilih alitaka kuigeuza nchi kwa kasi. Alipiga marufuku harusi kuu, akawaachisha kazi watumishi wa serikali, akachoma kumbukumbu za ofisi, akahamishia madaraka vijijini katika vituo viitwavyo mudiria, na kukuza matumizi ya Shikomori kilichoandikwa kwa hati za Kilatini. Kati ya hayo yalikuwapo ya busara. Ila alikabidhi mabavu kwa vijana wenye silaha, akawagusa wazee, wanazuoni na akina mama kwa wakati mmoja, katika nchi ambayo Ufaransa ilikuwa imeikatia msaada. Juu ya hayo, mwishoni mwa 1976 Wakomoro walishambuliwa katika mji wa Mahajanga, Bukini. Inakadiriwa kuwa zaidi ya elfu moja waliuawa, na maelfu wakarejeshwa visiwani wakiwa mikono mitupu. Wakaitwa Wasabena, kwa jina la shirika la ndege la Ubelgiji lililowabeba.

Tarehe 13 Mei 1978 mamluki wa Kifaransa Bob Denard, ambaye awali alimsaidia Soilih, alirudi na kumpindua. Soilih akauawa siku chache baadaye, naye Abdallah akarejeshwa madarakani. Kwa zaidi ya miaka kumi kikosi cha walinzi wa rais kilichoongozwa na mamluki na kugharamiwa kwa sehemu na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ndicho kilichoshika mpini. Abdallah mwenyewe aliuawa Novemba 1989 ndani ya ikulu aliyolindwa na mamluki hao. Denard aliondoshwa, akarudi tena kumteka Rais Said Mohamed Djohar mwaka 1995, na safari hii Ufaransa ikatuma askari kumkamata. Kwa jumla, mapinduzi na majaribio ya mapinduzi tangu uhuru yanakadiriwa kukaribia 20.

Nzwani Yajitenga

Mamluki walipoondoka, tatizo la msingi lilidhihirika. Mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi, na watu wa Nzwani, kisiwa chenye msongamano wa watu na uhaba wa ardhi, waliona kwamba kodi za bandari yao zinaishia Moroni. Tarehe 3 Agosti 1997 Nzwani ilijitangazia utengano, na Mwali ikafuata siku chache baadaye. La ajabu ni kwamba waasi wa Nzwani walipandisha bendera ya Ufaransa na kuomba kutawaliwa tena. Walikuwa wakiitazama Maore, iliyo umbali wa takribani kilomita 70, ambako mishahara ililipwa na hospitali zilikuwa na dawa. Ufaransa ilikataa ombi hilo. Wanajeshi waliotumwa kutoka Moroni mnamo Septemba walirudishwa nyuma.

Baada ya mazungumzo ya Antananarivo mwaka 1999 kuvurugika, Kanali Azali Assoumani alitwaa madaraka kwa mapinduzi tarehe 30 Aprili mwaka huo. Hatimaye Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulisimamia mapatano yaliyotiwa saini Fomboni, makao makuu ya Mwali, mnamo Februari 2001. Katika mapatano hayo ndimo ulimotoka ubunifu mkubwa zaidi wa kisiasa wa Komoro.

Mfumo wa Serikali: Urais wa Zamu

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Desemba 2001 iliunda Muungano wa Komoro. Kila kisiwa kilipata serikali na rais wake. Urais wa Muungano ungepokezanwa kila miaka minne. Wananchi wa kisiwa chenye zamu wangechagua wagombea watatu katika duru ya kwanza, kisha visiwa vyote vingemchagua mmoja kati yao. Kwa njia hiyo rais angetoka kisiwa kimoja lakini angehitaji kura za vyote. Mfumo huu ulikuwa sawa na kikombe kinachozunguka barazani, ambapo hakuna anyang'anyaye kwa kuwa kila mmoja anajua zamu yake inakuja.

Ulifanya kazi kwa kiasi cha kutia moyo. Azali wa Ngazija alitawala kuanzia 2002 hadi 2006, akakabidhi kwa amani kwa Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani. Sambi naye alimpisha Ikililou Dhoinine wa Mwali mwaka 2011, mara ya kwanza kwa kisiwa hicho kidogo kutoa rais. Mtikisiko mkubwa ulikuwa wa Nzwani, ambako Mohamed Bacar aling'ang'ania urais wa kisiwa. Mnamo Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania na Sudan, walisaidiana na jeshi la Komoro kumwondoa.

Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa ghali. Nchi ya watu wasiofika milioni moja ilikuwa na marais wanne na serikali nne. Marekebisho ya mwaka 2009 yaliwageuza marais wa visiwa kuwa magavana. Azali alirejea madarakani kwa uchaguzi mwaka 2016, na katika kura ya maoni ya Julai 2018, iliyosusiwa na wapinzani, katiba ilibadilishwa zaidi. Nafasi za makamu wa rais zilifutwa, na rais akaruhusiwa kuchaguliwa tena kwa muhula wa pili wa miaka mitano kabla ya zamu kupita. Kwa utaratibu wa awali, zamu ya Nzwani ingefika 2021. Badala yake Azali alichaguliwa 2019 na tena Januari 2024, chaguzi ambazo wapinzani walizikataa.

Watetezi wa mabadiliko wanasema kuwa miaka minne au mitano haimtoshi kiongozi kukamilisha mradi wa maana. Wapinzani wanajibu kuwa zamu haikuwa kifungu cha kawaida cha katiba bali mkataba wa amani, na anayeugusa anafukua kilichozikwa Fomboni. Mapigano yaliyozuka katika mji wa kale wa Mutsamudu Oktoba 2018 yalionyesha kuwa hofu hiyo si ya vitabuni.

Uchumi: Manukato na Barua za Fedha

Komoro huuza nje mazao matatu: karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi. Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri, aghalabu na wanawake, kisha hukenekwa ili kutoa mafuta yatumiwayo na watengenezaji wa manukato, hasa Ufaransa. Kwa muda mrefu Komoro imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta hayo duniani. Lakini mazao hayo yote ni ya anasa na viungo. Bei huamuliwa mbali, na ikishuka mkulima hawezi kula vanila. Chakula chenyewe, hususan mchele, huagizwa kutoka nje. Aidha, ukenekaji hula kuni nyingi. Misitu ya Nzwani imepungua sana, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima imekauka.

Nguzo halisi ya uchumi ni fedha zitumwazo nyumbani na Wakomoro waishio ughaibuni, wengi wao Ufaransa na hasa mjini Marseille. Fedha hizo hukadiriwa kuwa takribani moja ya tano ya pato la taifa. Ndizo zinazojenga nyumba, kugharamia harusi kuu na kulipa karo. Sarafu ya nchi, faranga ya Komoro, imefungamanishwa na yuro kwa thamani isiyobadilika, jambo linalodhibiti mfumko wa bei lakini pia linaloiacha sera ya fedha karibu na Paris.

Serikali imejaribu njia nyingine. Kuanzia 2008 sheria iliruhusu kuuzwa kwa uraia kwa watu wa nchi za Ghuba wasiokuwa na uraia wowote. Mpango huo uligeuka kashfa, na mwaka 2022 aliyekuwa Rais Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kuhusiana nao, katika kesi ambayo yeye na mawakili wake waliipinga. Upande mwingine, Komoro imepanua uhusiano wake. Ni mwanachama wa Umoja wa Nchi za Kiarabu tangu 1993, iliongoza Umoja wa Afrika mwaka 2023 hadi 2024, na ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2024.

Bahari Iliyogeuka Ukuta

Hakuna mahali ambapo historia, siasa na uchumi wa Komoro hukutana kwa uchungu kuliko katika maji yaliyo kati ya Nzwani na Maore. Kwa karne nyingi watu walivuka kwenda arusini, sokoni na mazikoni. Januari 1995 Ufaransa iliweka sharti la viza. Tangu hapo wavukaji hupanda usiku mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa, zikiwa zimejaa kupita kiasi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya waliokufa maji tangu 1995 kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Wengi wao walikuwa wajawazito, wagonjwa na vijana watafutao kazi.

Maore yenyewe ilikuwa mkoa kamili wa Ufaransa tarehe 31 Machi 2011. Sensa ya Ufaransa ya 2017 ilionyesha kuwa karibu nusu ya wakazi wake hawakuwa na uraia wa Kifaransa, wengi wakiwa Wakomoro. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore Desemba 2024, kilivifagia vitongoji vya mabati walimoishi wengi wa wahamiaji hao, na vilio vikasikika visiwa vyote vinne. Mpaka huo unakata katikati ya koo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa mgeni haramu nyumbani kwa shangazi yake.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa misukosuko ya Komoro haikutokana na udogo wa nchi wala uhaba wa akili miongoni mwa watu wake. Kila mara chanzo kimekuwa kisiwa kujiona kimesahauliwa: Maore ilipopoteza makao makuu, Nzwani ilipokosa mishahara, Mwali ilipongoja kwa miaka 36 kumwona mwanawe akiwa rais. Na kila mara aliyefaidi ufa huo alitoka nje, awe mkoloni, mamluki au mfanyabiashara. Urais wa zamu ulikuwa jibu la Wakomoro wenyewe kwa tatizo lao wenyewe, na iwapo utadumu au utakufa ni jambo linalostahili kufuatiliwa na kila Mwafrika anayeishi katika nchi yenye jamii nyingi.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, somo liko ndani ya neno lenyewe. Katika mji wa Ngazija mtu huwa mzima anapoulisha mji, si anapokula peke yake. Udzima wa visiwa nao utatimia kwa kipimo hicho, pale kila kisiwa kitakapoliona sinia likifika mbele yake.